Kuwapeleka wanafunzi Salaita: mwongozo kwa mwalimu wa Nairobi

Kila muhula wa pili ukikaribia, walimu wa historia hapa Nairobi huulizana maswali yale yale kuhusu Salaita, kilima cha karibu na Taveta kilichopiganiwa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Safari ya siku moja inatosha? Basi la shule litafika? Kuna nini cha kuona? Nijibu kwanza kwa mkato. Siku moja haitoshi hata kidogo. Basi litafika, barabara ni ya lami hadi Taveta. Cha kuona ni kilima kimoja cha kawaida, vichaka vya miiba, mabaki ya mahandaki, na Kilimanjaro kwa mbali ikiwa mawingu yameridhia.

Jibu hilo la mwisho ndilo linaloangusha safari nyingi. Mwanafunzi aliyeshaona Fort Jesus, yenye kuta na mizinga yake, akishushwa Salaita bila maandalizi atauliza baada ya dakika tano, "Mwalimu, ndiyo hii?" Uwanja wa vita haujielezi wenyewe. Kazi kubwa hufanyika Nairobi, majuma kadhaa kabla ya basi kuondoka, na kule mnakwenda kuhakikisha mliyokwisha kuyasoma. Ndiyo maana hatua nyingi hapa chini zinaishia shuleni.

Historia ya kuanzia

Agosti 1914 Wajerumani walivuka kutoka koloni lao, Tanzania bara ya leo, wakaiteka Taveta. Kutoka huko, vikundi vyao vidogo vilipenya nyika kwa miguu kwenda kulipua Reli ya Uganda, ile ya kutoka Mombasa kupitia Nairobi, kule Tsavo. Waingereza wakaanza mwaka 1915 kujenga reli nyingine kutoka Voi kuelekea Taveta, wakaweka kambi Maktau na baadaye Mbuyuni.

Tarehe 12 Februari 1916, Jenerali Malleson wa Waingereza aliishambulia Salaita kwa kikosi ambacho nguzo yake ilikuwa askari wa Afrika Kusini waliowasili majuzi tu. Mizinga yao ilipiga kilele. Wajerumani na askari wao Waafrika hawakuwa kileleni. Walikuwa wamejichimbia chini, kwenye kitako cha kilima, wamefunikwa na vichaka. Shambulio likavunjika. Waliozuia mambo yasiharibike zaidi ni kikosi cha 130 cha Wabaluchi kutoka India, ambao wengi wa wale Waafrika Kusini walikuwa wakiwadharau kwa sababu ya rangi yao. Wabaluchi waliiokota bunduki ya rashasha iliyoachwa uwanjani na kuwarudishia wenyewe, pamoja na ujumbe wa kuwaomba waache matusi.

Mwezi uliofuata Jenerali Smuts, kamanda mpya wa Waingereza, aliizunguka Salaita kwa upande wa Ziwa Chala. Wajerumani wakaihama bila pigano kubwa, na damu ikamwagika mbele kidogo, kwenye vilima vya Latema na Reata, tarehe 11 na 12 Machi. Mengine yote waachie wanafunzi wayatafute.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Basi la shule lenye ukaguzi halali, na madereva wawili. Dereva mmoja kwa zaidi ya kilomita 400 ni kucheza na roho za watu.
- Mwalimu au mzazi mmoja kwa kila wanafunzi 15, angalau mmoja wao mwanamke ikiwa kuna wasichana.
- Barua za ruhusa za wazazi, zilizotiwa saini, zenye nambari ya simu inayopatikana na maelezo ya maradhi: pumu, kifafa, mzio, kisukari.
- Sanduku la huduma ya kwanza, chumvi za kuongeza maji mwilini, na vyandarua. Taveta ni bondeni, kuna joto na mbu kuliko Nairobi.
- Maji, lita tatu kwa kila mtu kwa siku ya kilimani. Msitegemee kununua njiani.
- Viatu vilivyofunika vidole, suruali ndefu, kofia. Kandambili zibaki bwenini.
- Ramani ya karatasi ya eneo la Voi hadi Taveta, daftari, penseli, dira moja kwa kila kundi, na filimbi kwa kila mwalimu.

Hatua ya 1: Chagua wakati

Juni na Julai ndiyo miezi mizuri. Mvua za masika zimekwisha, jua si kali sana. Mapema Februari pia panafaa, na kuna utamu wa kufika karibu na tarehe yenyewe ya vita, lakini joto la Februari kule chini halina huruma, hivyo panda kilima mapema. Muhula wa tatu usiuguse: ni wa mitihani, na hutapata ruhusa.

Panga siku tatu na usiku mbili. Atatokea mtu wa kukushauri muunganishe na Mombasa, "maana mmeshafika Voi." Mtoto wa Nairobi akisikia Voi tayari anasikia bahari. Kataa. Safari ya Mombasa ni nzuri, lakini ikiingia kwenye ratiba hii Salaita inageuka kituo cha kujisaidia.

Hatua ya 2: Omba vibali, kwa mpangilio huu

Anza na mwalimu mkuu, kisha bodi ya shule, kisha ofisi ya mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo yenu. Barua iseme lengo la somo, orodha ya wanafunzi, njia, mahali pa kulala na majina ya wasimamizi. Ipeleke angalau mwezi mmoja kabla.

Upande wa pili, wasiliana na ofisi ya utalii au utamaduni ya Kaunti ya Taita-Taveta, na kupitia kwao mpate mwongozaji mwenyeji na ujumbe kwa chifu wa eneo. Hili walimu wengi huliruka. Salaita imezungukwa na watu wanaoishi, kulima na kuchunga. Basi la watoto 45 kutoka Nairobi likiegesha ghafla kando ya boma la mtu ni ukosefu wa adabu, hata kama hakuna atakayewafukuza.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kila mwanafunzi

Jumlisha mafuta, posho za madereva, malazi, chakula, mwongozaji, maji na matibabu ya dharura, ongeza asilimia 10, kisha gawanya kwa idadi ya wanafunzi. Kosa la kawaida ni kugawa kwa idadi ya waliojiandikisha. Gawa kwa idadi ya waliokwisha lipa nusu, maana wengine watajitoa juma la mwisho. Malipo yapitie nambari ya paybill ya shule, kamwe si simu ya mwalimu.

Malazi ya bei nafuu ni mabweni ya shule za Voi, Mwatate au Taveta wakati wenyeji wake wako mapumzikoni, au nyumba za wageni za makanisa. Lodge za Taita Hills ni za kupendeza lakini zitakula bajeti yote.

Kuna pia treni. Madaraka Express inayosimama vituo vya kati huondoka Syokimau asubuhi na kufika Voi mchana. Watoto huipenda na barabara ya Mombasa inaepukwa pamoja na malori yake. Ila lazima uwe umekodi basi la kuwapokea Voi, na tiketi za kundi zishughulikiwe mapema mno.

Hatua ya 4: Tumieni nusu siku hapa hapa mjini

Hatua hii usiiruke hata kama unaruka nyingine.

Wapelekeni wanafunzi Kenyatta Avenue, kwenye mnara wa sanamu tatu za shaba. Watu hupita hapo kila siku wakikimbilia matatu bila kuinua macho. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu. Mwanafunzi mmoja asome Kiswahili kwa sauti, wengine waandike: nani anatajwa, nani hatajwi kwa jina? Mmoja wa wale watatu wa shaba hakuja vitani kupiga risasi, ni mpagazi. Mnara unawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi.

Kisha nendeni Kariokor, mtaa na soko, na muulize wanafunzi jina hilo limetoka wapi. Kabla ya watu kwenda huko kula nyama choma na kununua vyondo, palihusika na kikosi cha wapagazi cha jeshi la Waingereza, Carrier Corps. Dar es Salaam nao wana Kariakoo yao, kwa sababu ile ile. Mwaka 1917 serikali ya kikoloni ilikusanya wanaume kwa nguvu, wilaya baada ya wilaya, na makumi ya maelfu ya wapagazi wa Afrika Mashariki hawakurudi. Wengi hawakuuawa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa.

Mkirudi shuleni, fanyeni jaribio moja uwanjani. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 25 hivi, siku nzima, siku baada ya siku. Jazeni mtungi wa plastiki wa lita 20, yaani kilo 20, na wanafunzi wanaotaka, wenye afya, waubebe kwa zamu mita mia moja. Usimlazimishe mtu, na usifanye jaribio hili Taveta kwenye jua. Baada ya hapo hutahitaji kueleza kwa nini reli ya Voi ilijengwa.

Onyo: msichanganye makaburi. Yale ya Ngong Road ni ya Vita vya Pili vya Dunia. Ya Vita vya Kwanza yako Nairobi South. Nimesikia somo zima likifundishwa kwenye makaburi yasiyohusika.

Hatua ya 5: Gawa makundi, kila kundi na swali lake

Makundi manne yanatosha. Moja lichukue reli na maji: jeshi lilipata wapi maji kwenye nyika kavu? Jingine lichukue mashambulizi: nani alitoka upande gani? La tatu wapagazi na wenyeji: walikuwa wapi siku ile, nani aliandika habari zao? La nne lichukue makaburi: nani ana jiwe lenye jina, nani hana?

Swali moja kwa kundi, si kumi. Ukiwapa karatasi ya maswali 30 watainamia karatasi kilimani na hawataona kilima.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, kufika tu

Ondokeni alfajiri, saa kumi na moja, mpumzike Mtito Andei, mfike Voi kabla ya saa nane mchana. Nairobi hadi Voi ni kama kilomita 330. Msipange kazi nyingine siku hiyo. Giza lisiwakute barabarani.

Hatua ya 7: Siku ya pili, Maktau na Salaita

Tokeni mapema. Kutoka Voi hadi Taveta ni kilomita 110 hivi, kupitia Mwatate na Bura. Waambie wanafunzi waangalie kando ya barabara: reli kuukuu inayowafuata ndiyo ile ya vita. Baada ya Maktau barabara inakatiza kipande cha Tsavo Magharibi, na ndovu huvuka wanapotaka. Dereva apunguze mwendo, na mtoto asishuke hapo kwa sababu yoyote ile.

Simameni Maktau kwa nusu saa, kwenye makaburi ya Wahindi karibu na stesheni ya zamani. Halafu Salaita, iliyo upande huu wa Taveta. Mnafika mkitokea mashariki, upande ule ule waliotokea washambuliaji. Kabla ya kukikaribia kilima, simamisha basi mahali salama, mwombe kila mmoja achore anachokiona na aweke alama pale ambapo yeye angewaweka walinzi. Karibu wote wataweka kileleni. Usiwasahihishe.

Mkishafika, mwongozaji akitangulia, fanyeni zoezi hili:

a) Mwalimu mmoja apande na kundi la kwanza hadi juu.
b) Kundi la pili lichuchumae kwenye vichaka vya chini, karibu na mabaki ya mahandaki, baada ya mwongozaji kuhakikisha hakuna nyoka. Wasiende mbali na filimbi.
c) Kundi la tatu litembee taratibu kutoka upande wa barabara na kupaza sauti linapomwona mtu wa kwanza wa kundi la pili.
d) Pimeni kwa hatua umbali uliobaki kati yao. Andikeni.
e) Badilishaneni.

Walio chini wanaonekana dakika ya mwisho kabisa. Walio juu wanaonekana tangu mbali. Mwanafunzi akishaona hivyo kwa macho yake ataeleza mwenyewe kwa nini mizinga ya tarehe 12 Februari ilipoteza risasi kwenye mawe.

Mwongozaji huenda akawaonyesha mbuyu wenye matundu na kuwasimulia habari za mwanamke wa Kijerumani aliyejificha humo na kuwapiga Waingereza risasi ili kumlipizia mumewe kisasi. Wanafunzi wataipenda hadithi hiyo kuliko yote. Msikilizeni kwa heshima, kisha kwenye basi waulize: matundu yanathibitisha nini? Yanathibitisha kwamba mbuyu ulipigwa risasi. Nani alikuwa ndani, hayasemi.

Onyo ambalo halina mjadala. Mtu asiokote kitu. Ganda la risasi, kipande cha chuma, kifungo, chupa iliyovunjika: vyote vibaki pale vilipo. Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Kitaifa ya 2006 inalinda vitu vya kale, na zaidi ya hapo, kombora la miaka mia moja linaweza kuwa bado hai. Mwanafunzi akiona chuma cha ajabu, amwite mwalimu, asimame, asikiguse. Apige picha kwa mbali na aandike mahali kilipo.

Hatua ya 8: Makaburi ya Taveta

Ni mwendo mfupi kutoka Salaita. Wengi waliozikwa hapo chini ya mawe ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni Waafrika Kusini waliokufa Salaita na Latema-Reata. Kundi la nne ndilo liongoze hapa. Acha wahesabu, wasome umri, na watafute mpagazi hata mmoja mwenye jiwe lake. Usijaze kimya kwa hotuba. Mkitoka hapo kuleni, mrudi mnakolala kabla ya jua kuzama.

Hatua ya 9: Voi, mkirudi

Makaburi ya Voi yachukue saa moja asubuhi ya tatu. Humo yumo Luteni Wilbur Dartnell, mzaliwa wa Australia, aliyepewa nishani ya Victoria Cross baada ya kufa: tarehe 3 Septemba 1915, karibu na Maktau, alikataa kuwaacha majeruhi ambao hawakuweza kubebwa. Habari yake inajulikana kwa undani kwa sababu ilirekodiwa. Kundi la wapagazi litakuwa na la kusema juu ya hilo bila kusukumwa.

Hatua ya 10: Kazi ya baadaye, ndani ya juma moja

Kila kundi lilete ukurasa mmoja na mchoro mmoja, lijibu swali lake lile moja. Zaidi ya juma moja, wanakumbuka ndovu tu.

Mambo yakienda mrama

*Mvua imenyesha usiku.* Barabara kuu haina shida, njia ya udongo ya kuelekea kilimani ndiyo yenye shida. Acheni basi kwenye lami, mtembee. Kama mwongozaji anasema hapapitiki, msibishane naye. Nendeni Taveta kwanza, mrudi Salaita mchana pakikauka.

*Mwanafunzi amezidiwa na joto.* Kivuli, maji kidogo kidogo, chumvi zile. Akitapika au kuchanganyikiwa, hospitali ya Taveta mara moja, na mwalimu mmoja abaki naye. Homa ikimpata mtu ndani ya majuma mawili baada ya kurudi Nairobi, mzazi amwambie daktari kwamba mtoto alikuwa Taveta, ili apimwe malaria. Hili liandike kwenye barua ya wazazi tangu mwanzo.

*Wanafunzi wamechoka na hawasikilizi.* Ratiba yako ndiyo imejaa. Ondoa kituo kimoja, Maktau kwa mfano, usiondoe zoezi la Salaita.

*Mwongozaji anatoa takwimu zinazotofautiana na kitabu.* Idadi ya waliokufa Salaita hutofautiana hata vitabuni. Wanafunzi waandike zote mbili na zilikotoka. Usimkatize mzee mbele ya watoto.

*Mzazi hawezi kulipa.* Weka nafasi mbili tatu za wasiolipa ndani ya ile asilimia 10, na ni mwalimu wa darasa pekee ajue ni za nani.

*Pesa za safari nzima hazikutosha.* Fanyeni Hatua ya 4 kwa siku nzima: mnara wa Kenyatta Avenue asubuhi, Kariokor kabla ya chakula, makaburi ya Nairobi South alasiri, na zoezi la vichaka mlifanyie kwenye uwanja wowote wenye mteremko na nyasi ndefu. Basi la shule au matatu ya kukodi yatatosha, na barua ya mwalimu mkuu na za wazazi bado zinahitajika hata kama hamtoki nje ya jiji.